Barua ya Kujiuzulu Haipiti Kibondo

Kati ya Agosti 2018 na Mei 2021, majimbo matatu ya nyanda za juu za Kigoma yalirudi kwenye masanduku ya kura kwa uchaguzi mdogo wa ubunge. Buyungu ilitangulia, Jumapili ya tarehe 12 Agosti 2018, baada ya kifo cha Kasuku Bilago wa Chadema mwezi Mei mwaka huo. Muhambwe na Buhigwe zikafuata siku moja, Jumapili ya tarehe 16 Mei 2021. Muhambwe, jimbo la Kibondo, ilikuwa imempoteza Mhandisi Atashasta Nditiye, aliyefariki mwezi Februari baada ya ajali ya gari Dodoma. Buhigwe haikufiwa na mtu. Mbunge wake, Dkt. Philip Mpango, alithibitishwa na Bunge kuwa Makamu wa Rais tarehe 30 Machi 2021, akaapishwa kesho yake, na kwa Katiba yetu ubunge wake ukaishia hapo.

Wenyeji wa umri fulani watasema haya yote yalitokea Kibondo na Kasulu tu, na hawatakuwa wamekosea. Wilaya ya Kakonko, liliko jimbo la Buyungu, ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, na Buhigwe ikamegwa kutoka Kasulu mwaka huo huo. Mpaka wa wilaya husogezwa kwa tangazo la serikali, lakini mazishi na harusi zinaendelea kufuata ramani ya zamani. Muhambwe na Buyungu zenyewe ni majina ya himaya za Waha, yakiwa na umri mkubwa kuliko chama chochote kinachoyagombania.

Nimeanza na majimbo haya matatu kwa sababu hakuna mbunge wake aliyebwaga manyanga. Wawili walichukuliwa na kifo, mmoja akapandishwa cheo. Kwa hiyo ukitaka kujua jimbo linapungukiwa na nini likikosa mbunge, hapa unaweza kupima bila hasira kuingilia kati. Ukishapima, ndipo unapoweza kuuliza vizuri kuhusu wale wanaoondoka kwa hiari yao, na kuhusu sheria inayowaruhusu kuondoka kwa karatasi moja yenye saini.

Tazama kalenda ya 2021. Muhambwe ilikaa bila mbunge kuanzia katikati ya Februari hadi katikati ya Mei. Katika miezi hiyo nchi ilimzika Rais John Magufuli, Rais Samia Suluhu Hassan akaapishwa, na Bunge likaanza mkutano wa bajeti. Huo ndio mkutano wa mwaka ambao mbunge wa Kigoma hatakiwi kuukosa, maana ndiko anakouliza fedha za barabara, maji na umeme zimekwama wapi. Siku wapiga kura wa Kibondo wanapanga foleni, nusu ya msimu wa bajeti ilikuwa imekwisha. Buhigwe nayo ilikuwa na Waziri wa Fedha kama mbunge wake kwa muda wa miezi mitano hivi, bahati ambayo majimbo mengine yangeifanyia sherehe, kisha ikabaki na kiti kitupu wakati bajeti ile ile inaanza kusomwa.

Kwa watu wa huku hilo lina maana inayoguswa kwa mkono. Barabara ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 zilizoingizwa kwenye mradi unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ndiyo iliyobeba siasa za ukanda huu kwa miaka mingi. Maharage ya Kasulu yanakosa bei nzuri kwa sababu ya barabara. Mama anayepelekwa hospitali usiku wa masika anajua tofauti ya lami na udongo mwekundu kuliko mhandisi yeyote. Halafu kuna kambi: Nduta Kibondo, Nyarugusu Kasulu, na Mtendeli ya Kakonko kabla haijafungwa. Masoko ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji yalipofungwa, aliyeumia si mkimbizi peke yake. Mkulima wa kijiji jirani aliyezoea kuuza mihogo yake pale naye alibaki na magunia. Mambo kama haya hayaamuliwi na halmashauri. Yanaamuliwa na wizara, na mwenye ruhusa ya kusimama mbele ya waziri na kuuliza ni mbunge.

Sisemi jimbo hufa. Mkurugenzi yupo, mkuu wa wilaya yupo, madiwani wapo. Lakini mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, na kwa sheria ya mwaka 2009 ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, fedha ndogo zinazomalizia darasa lililokwama kwenye lenta au zahanati isiyo na bati. Akiondoka, kiti cha mwenyekiti kinabaki wazi. Mwenye kiu ya kisima hajali sana kama kiti kiliachwa wazi na ajali, na cheo, au na barua.

Sasa tuje kwenye barua.

Anayetaka kuacha ubunge Tanzania anaandika taarifa, anaitia saini, anaipeleka kwa Spika. Basi. Spika anaiarifu Tume ya Uchaguzi kuwa jimbo liko wazi, na Tume inapanga tarehe. Katika mnyororo wote huo mpiga kura hamo. Yule aliyesimama juani kwa saa tatu ili amtume mtu Dodoma anapata habari kwenye simu ya jirani, pamoja na picha ya mheshimiwa akikabidhiwa kadi mpya. Barua imetoka kwa mbunge imekwenda kwa Spika, wala haikupita Kibondo.

Mwaka 2018 tuliona mtindo huu ukigeuka kuwa msimu. Maulid Mtulia wa CUF aliachia Kinondoni na Dkt. Godwin Mollel wa Chadema akaachia Siha, Desemba 2017. Wakafuata Mwita Waitara wa Ukonga na Julius Kalanga wa Monduli, kisha Zuberi Kuchauka wa Liwale. Kabla mwaka haujaisha wakaongezeka Marwa Ryoba Chacha wa Serengeti, Joseph Mkundi wa Ukerewe, James Millya wa Simanjiro na Pauline Gekul wa Babati Mjini, na Abdallah Mtolea wa Temeke akafunga mlango. Hao ni kumi, wote kutoka upinzani kwenda CCM, na kauli iliyosikika mara nyingi ilikuwa kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais. Wote kumi waliteuliwa na chama chao kipya kugombea kiti kile kile walichokuwa wamekiacha. Wote kumi walirudi bungeni. Waitara, Mollel na Gekul baadaye wakawa manaibu waziri.

Siwezi kuingia moyoni mwa mtu kupima kama dhamiri ilimsukuma au kitu kingine. Vijiweni walisema wamenunuliwa, wao wakakana, na mimi sina risiti. Ninachoweza kupima ni tendo. Mtu anaacha kiti Jumatatu, anachukua fomu ya kiti hicho hicho wiki chache baadaye, na fedha za umma zinaendesha uchaguzi mzima, pamoja na karatasi, masanduku, polisi, posho za wasimamizi na magari, ili abadili rangi ya shati. Kama alikuwa anakitaka kiti, kwa nini alikiacha? Na kama alikiacha kwa dhati, amerudi kufuata nini?

Kuna jibu la heshima kwa swali hilo, na nalileta kwa sababu lina nguvu. Wenyewe watasema: Katiba inatulazimisha. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake unakoma. Anayebadili itikadi hana njia ila kuachia kiti na kuomba kura upya, na kurudi kwa wananchi ndiyo heshima yenyewe. Uingereza mbunge anaweza kuhama chama na kubaki na kiti chake kimya kimya. Douglas Carswell wa Clacton alipoihama Conservative mwaka 2014 hakulazimishwa na sheria yoyote, lakini alijiuzulu, akagombea kwa tiketi ya UKIP mwezi Oktoba, akashinda. Waingereza wengi, hata waliomchukia kisiasa, walikubali kwamba amefanya jambo la kiungwana.

Carswell, hata hivyo, alikwenda kwenye uwanja uliojaa wapinzani. Chama alichokihama kilimsimamishia mtu, na vyama vingine vikamsimamishia watu. Kwetu, uchaguzi wa tarehe 2 Desemba 2018 katika Serengeti, Ukerewe, Simanjiro na Babati Mjini haukufanyika kabisa, kwa maana ya watu kupiga kura. Chadema ilikuwa imeshatangaza kususia chaguzi ndogo baada ya Ukonga na Monduli, na wagombea wengine hawakuvuka hatua ya uteuzi. Wanne wale walitangazwa wamepita bila kupingwa, na Mtolea naye vivyo hivyo. Watu wa majimbo matano wakapewa mbunge yule yule, wa chama walichokuwa wamekikataa mwaka 2015, bila karatasi hata moja kutumbukizwa kwenye sanduku. Mtu akikuambia hapo kwamba alirudi kwa wananchi, muulize walisema nini.

Tanganyika na Zanzibar zimeshaona uchaguzi wa kujiuzulu ukiwa uchaguzi kweli. Rostam Aziz alipoachia Igunga Julai 2011, katikati ya joto la CCM kujivua gamba, yeye hakugombea tena. Aliondoka akisema amechoshwa na siasa uchwara. Chadema na CUF wakaingia uwanjani, na Oktoba 2 Dkt. Dalaly Kafumu wa CCM akapata kura 26,484 dhidi ya 23,260 za Joseph Kashindye wa Chadema. Vurugu zilikuwepo, matusi yalikuwepo, lakini watu wa Igunga waliulizwa swali na wakalijibu. Lazaro Nyalandu naye alipoihama CCM Oktoba 2017 na kuachia Singida Kaskazini hakurudi kuomba kiti hicho, na chama alichohamia hakikushiriki uchaguzi wa Januari uliofuata. Miaka mitatu na nusu baadaye alirejea CCM, lakini hilo ni jambo lake na chama chake. Kwa wapiga kura wa Singida Kaskazini deni lilikuwa limefungwa.

Kisha kuna Konde, kule Pemba, kisa ambacho nadhani hakijafikiriwa vya kutosha. Julai 18, 2021, Sheha Mpemba Faki wa CCM alitangazwa mshindi wa uchaguzi mdogo uliotokana na kifo cha Khatib Said Haji wa ACT-Wazalendo. ACT wakalalamika. Mwanzoni mwa Agosti, kabla hata ya kula kiapo, mshindi akajiuzulu, na sababu iliyotolewa ikawa ya kifamilia. Oktoba 9 uchaguzi ukarudiwa na Mohamed Said Issa wa ACT akashinda. Huenda barua ile iliituliza Pemba, na kutulia kwa Pemba si jambo dogo. Lakini mkulima wa karafuu wa Konde aliyemchagua Faki hajaambiwa mpaka leo kura yake iliondolewa mezani na nani.

Turudi Kigoma, maana watu wa huku wana uzoefu wao wa viti vinavyoyumba. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata viti vinne vya majimbo katika nchi nzima, na vyote vilitoka mkoa huu: Felix Mkosamali Muhambwe, Moses Machali Kasulu Mjini, Agripina Buyogera Kasulu Vijijini, na David Kafulila Kigoma Kusini. Haikupita miaka miwili kabla chama hakijamfukuza Kafulila uanachama, Desemba 2011, na kama mahakama isingeingilia kati, wapiga kura wake wangepoteza mbunge kwa uamuzi wa kikao kilichofanyika mbali na ziwa lao. Machi 2015 ikawa zamu ya Zitto Kabwe. Mgogoro wake na Chadema ulifika mwisho mahakamani, akasimama bungeni kuaga, akaelekea ACT. Kigoma Kaskazini ikabaki bila mbunge hadi Bunge lilipovunjwa Julai, kwa kuwa uchaguzi mdogo haufanyiki kipindi cha Bunge kikiwa kimekaribia ukingoni. Angalau Zitto alihutubia. Ila alihutubia Dodoma.

Kisa hicho cha Zitto ndicho kinachonizuia kuandika pendekezo jepesi. Ukisema tu kwamba anayejiuzulu apigwe marufuku kugombea, umempa katibu mkuu wa chama rungu jingine. Mbunge anayekataa amri mbaya ya chama chake tayari anajua akifukuzwa ametoka bungeni. Sasa ukimwambia hata uchaguzi mdogo hawezi kusimama, atanyamaza milele. Watu wa Kigoma, waliozoea kuchagua wabishi, ndio wangekuwa wa kwanza kuumia.

Kwa hiyo mambo mawili lazima yaende pamoja. La kwanza ni kukata kamba inayomfunga mbunge shingoni na kadi ya chama. Akifukuzwa kwa msimamo wake, abaki na kiti mpaka uchaguzi mkuu, wananchi wampime wenyewe. Hili linahitaji kumruhusu mgombea binafsi, jambo ambalo marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania mahakamani kwa karibu miongo miwili, hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale pale Arusha, ikaamua Juni 2013 kwamba katazo letu linavunja Mkataba wa Afrika. Katazo bado lipo. La pili linafuata lenyewe: mbunge akishakuwa huru kuhama na kiti chake, hana tena kisingizio cha kujiuzulu ili ahame. Basi anayejiuzulu asigombee uchaguzi mdogo alioutengeneza mwenyewe. Apumzike hadi uchaguzi mkuu, kisha aje kama mgombea mwingine yeyote.

Chini ya kanuni hizo mbili, wale kumi wa 2018 wangechagua moja. Wangehamia CCM na kubaki wabunge, wakabeba lawama au sifa mpaka 2020, bila senti ya uchaguzi mdogo. Au wangejiuzulu kweli. Nakisia barua zingepungua.

Sehemu moja ya tatizo imeguswa. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2024 imefuta utaratibu wa kupita bila kupingwa: mgombea akibaki peke yake, wapiga kura wanapiga ya ndiyo au ya hapana. Ni hatua, na anayeidharau anasahau Desemba 2018. Lakini kura ya ndiyo na hapana kwa mtu mmoja haijawa ushindani, na haigusi kabisa swali la nani alilazimisha watu kurudi kituoni.

Wapo watakaoniambia ninapigania viti wakati tatizo lenyewe ni uwanja. Watanikumbusha uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994, ambapo Dkt. Aman Walid Kabourou wa Chadema alishindwa na Azim Premji wa CCM, akaenda mahakamani, na matokeo yakabatilishwa; miongoni mwa hoja zilizozingatiwa ilikuwa namna Radio Tanzania ilivyoegemea upande mmoja. Mwaka uliofuata Kabourou akashinda. Nakubali kwamba uwanja ni jambo kubwa kuliko barua, na Chadema walipokaa nje ya Muhambwe na Buhigwe mwaka 2021 wakidai tume huru, walikuwa wanasema hivyo hivyo. ACT-Wazalendo waliingia, CCM wakashinda kote kuwili, Dkt. Florence Samizi akaenda bungeni kwa Muhambwe na Felix Kavejuru kwa Buhigwe. Lakini kungoja uwanja unyooke ndipo tudai adabu ya kuondoka ni kungoja sana. Kenya wana tume yenye jina zuri na Katiba inayotaka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Opiyo Wandayi alipoachia Ugunja Agosti 2024 kwenda kuwa waziri, tume haikuwa na makamishna, na watu wa Ugunja walikaa bila mbunge hadi Novemba 27, 2025.

Ugunja inanirudisha Buhigwe, na hapa nitasema jambo ambalo huenda lisiwafurahishe ndugu zangu wa Manyovu. Kupandishwa cheo si kosa, na mkoa ulioitwa wa pembezoni tangu reli ya Mjerumani una haki ya kujivunia kuwahi kutoa Makamu wa Rais. Lakini Rais anazo nafasi kumi za kuteua wabunge, na Dkt. Mpango mwenyewe aliingia bungeni kwa mlango huo mwaka 2015 kabla ya kuwa Waziri wa Fedha. Anayetazamiwa kwa kazi za kitaifa anaweza kuzifanya bila kuomba kwanza kura za watu wanaohitaji mtu wa kudumu wa kuwaulizia dawa. Vyama vingelifikiria hilo kwenye kura za maoni, jimbo lisigeuzwe ngazi ya kupandia.

Kilichobaki ni barua yenyewe, na marekebisho yake ni rahisi kuliko yote. Hayahitaji Katiba mpya wala mahakama ya Arusha. Kanuni iseme kwamba kiti kikiachwa kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa kifo au ugonjwa, Spika hataitangaza nafasi hiyo kuwa wazi mpaka aliyeondoka awe ameitisha mkutano wa hadhara makao makuu ya jimbo, akasema kwa mdomo wake kwa nini anaondoka, na akajibu maswali. Muhtasari wa mkutano usomwe bungeni, uingie kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Kama anaogopa kuzomewa, mkuu wa polisi wa wilaya atampa askari. Siku za kampeni huwa wanapatikana bila shida. Mpaka uliowekwa uwe siku 14, ili jimbo lisikae bila mwakilishi kwa kumsubiri mtu anayeona haya.

Na kwa Muhambwe mahali pa mkutano hapahitaji kutafutwa. Ni uwanja ule ule wa Kibondo mjini walikoombewa kura.